Nilikuwa napima maziwa ya watu na pua yangu yenyewe imeota uvimbe

Wakuu, hamjambo. Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuchangia hata neno, leo acha nami nijianike. Yote ni ya kweli, na mjinga ndani yake ni mimi peke yangu.

Mimi hupokea maziwa ya wakulima hapa Kibomet, Kitale. Mtu akileta mtungi, nafungua kifuniko, nashusha pua haraka, nanusa, naamua. Yakiwa yameharibika anarudi nayo nyumbani. Miaka kumi na moja watu wameogopa hii pua. Kiburi nilikuwa nacho bana, we acha tu.

Mwaka jana tundu la kushoto likaziba. La kushoto tu. Nikasema ni baridi ya Kitale. Nikanunua dawa ya kupaka, ya kumeza, ya kunyunyiza. Wapi. Damu ikaanza kutoka kidogo asubuhi, upande ule ule. Nikasema ni vumbi.

Halafu harufu ikapotea kabisa.

Sasa mtu wa kazi ya kunusa atamwambia nani ati hasikii harufu? Nikabuni mbinu. Nainama, nanusa kama kawaida, halafu naangalia uso wa mkulima. Akiangalia pembeni, nakataa. Akinikazia macho, napokea. (Cheka tu, hata mimi nacheka.)

Hivyo ndivyo nilimkataa Mama Nekesa, mjane wa ng'ombe mmoja, kwa sababu alikuwa anaangalia ndama barabarani. Siku hiyo hiyo jamaa mmoja wa macho makavu akanipitishia maziwa yaliyochacha. Tangi nzima ikamwagwa.

Kesho yake Mama Nekesa akarudi. Akanisemesha mbele ya laini yote, polepole.

"Baba Junior, hayo maziwa ulikataa watoto wangu wamekunywa, na hakuna mtu ameumwa na tumbo. Hiyo pua iko na shida. Hata sai inatoka damu."

Nikapangusa na mkono wa koti. Aibu ilinishika.

Nilienda hospitali? Si nilienda Myanga kwa mama! Akachemsha majani ya mikaratusi, akanifunika blanketi mbili, nikatoka nimeiva kama muhogo. Pua bado imeziba. Mama akasema yeye amefika mwisho wake, kesho ni hospitali Bungoma, na atanipeleka mwenyewe. Mzee wa miaka arobaini na nne, nikapelekwa na mama.

Daktari wa masikio, pua na koo akaingiza kakamera kembamba. Akauliza, ni upande mmoja tu? Tangu lini? Nikasema miezi saba.

Akanieleza kuna uvimbe, umeanzia kwa sinus, zile nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso. Mwingine ni kansa, mwingine sio, na kwa macho huwezi kujua. Lazima scan, halafu wakate kipande kikapimwe.

Wiki mbili za kungoja majibu niliogopa sana. Nilikuwa naenda kulia chooni ndio watoto wasinione.

Haikuwa kansa. Ni papiloma, uvimbe wa utando wa ndani ya pua, lakini ya aina ambayo ukiiacha inasukuma mfupa, inaweza kurudi, na mara nyingine inageuka kansa. Waliitoa kupitia tundu la pua, bila kunikata uso. Nitaendelea kuangaliwa miaka kadhaa. Kunusa hawakuniahidi.

Funzo: mafua ya kawaida hupita. Tundu moja likiziba wiki nyingi, damu inatoka upande huo huo, enda uonwe. Usijiite daktari kama mimi.

Lakini kilichonimaliza ni mama watoto. Nilipomwonyesha majibu alisema, "Miezi saba nimelala nikikusikia ukihemea mdomo. Nilijua sio baridi. Niliogopa kukuuliza, juu ungekasirika."

Ni kweli, ningekasirika.

Wenye mmepitia hii kitu, semeni hapa. Na wewe mwenye umeziba upande mmoja na unasoma kimya kimya, kabla ya kuniandikia mimi, mwambie mwenye unalala naye.