Jikoni kwa Mama Ng'ombe

Juzi mvua ilinyesha Doha, na sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba hilo ni jambo la kupigiana simu. Nilikuwa kwenye lifti ya ofisi yetu West Bay alipoingia jamaa mmoja aliyelowa chapachapa, amevaa sweta nene la sufu. Lifti nzima ikajaa harufu ya sufu mbichi, ile harufu nzito inayokaribia ya mbuzi, na wenzangu wakageuza nyuso pembeni. Mimi nilivuta pumzi hadi mwisho wa mapafu. Nikapitwa hata na ghorofa yangu.

Ngoja niwaeleze sababu. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, tukiishi Muaither, pembezoni mwa Doha. Baba alikuwa mlinzi kwenye mojawapo ya majengo marefu ya mjini, na mama alikuwa nesi wa kuuguza watu majumbani. Mgonjwa wake alikuwa bibi mmoja wa Kikatari ambaye sote tulimwita Hajja. Hajja alikuwa amefiwa na mumewe, na tangu siku za matanga aliacha kula. Si kwamba aligombana na mtu. Alionja kijiko kimoja, akafuta mdomo, akasema "shab'ana", yaani nimeshiba, na hapo hata ungempigia magoti ungekuwa unajisumbua. Nguo zilianza kumpwaya. Daktari akasema mambo yakiendelea hivyo, itabidi alishwe kwa mrija wa puani. Mama alikuwa amewatia watu wengi mirija hiyo katika kazi yake, na hakutaka kabisa kumwona Hajja nao.

Mwanawe mkubwa akaamua kwamba dawa ni hewa ya milimani. Kila majira ya baridi familia ile ilikwenda kwenye milima ya Alpi kuteleza kwenye theluji, na safari hii Hajja angekwenda nao, pamoja na nesi wake. Shule zilikuwa zimefungwa, baba yuko zamu, na mimi sikuwa na wa kuniangalia. Hajja ndiye aliyekata shauri. "Rozi, mlete mtoto," akamwambia mama. Basi binti wa watu wa Kitale, aliyezoea kuona barafu kwenye friji tu, akajikuta milimani Ulaya amevaa jaketi la mjukuu wa Hajja lililomfika magotini.

Mwanawe alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya. Alimpeleka mama yake kwenye kila mgahawa wenye sifa. Sahani zilikuja zimefunikwa mifuniko inayong'aa, na wahudumu waliifunua yote kwa pamoja, kama wachezaji wa sarakasi. Mkwe mmoja akamkatia Hajja nyama, mwingine akashika kitambaa cha kumfuta, na meza nzima ikaacha kula ili kumtazama mdomo. Hajja alionja. Akatazama mlima dirishani. "Shab'ana."

Mchana Hajja alipolala, mkwe mmoja alibaki naye, na mimi na mama tukatoka. Mama hakuwa mtu wa kukaa. Ndivyo tulivyozijua sehemu ambazo wageni wenye mbao miguuni walizipita bila kuziona. Chini ya kituo cha vigari vinavyopanda mlima kwa waya kulikuwa na chumba walimokula mafundi, glavu zao zikikauka juu ya bomba la maji moto, na walitupa supu ya shayiri bila kutuuliza sisi ni nani. Nyuma ya duka la mikate palikuwa na benchi lililoegemea ukuta wa tanuri. Wazee walikaa pale wamefumba macho, migongo ikipata joto, na mwokaji akiwagawia ncha za mikate. Mimi ningehamia pale. Lakini kila mahali mama alisimama kidogo, akatazama nani anakaa na nani anahudumia, halafu akasema, "Hapa hapafai." Nikamwona ana maringo.

Pa tatu tulipapata kwa sababu ng'ombe alilia. Mtu wa Kitale akisikia ng'ombe kwenye baridi ile, lazima aende akamwone. Tulifuata njia nyembamba hadi zizi la mbao, na ubavuni mwake, ukuta mmoja na zizi, kulikuwa na jiko, bila kibao wala jina. Mwenyewe alikuwa mama mzee mwenye mikono mikubwa, aliyempikia yeyote aliyebisha hodi. Jina lake lilitushinda kutamka, tukambandika Mama Ng'ombe. Juu ya jiko la kuni zilining'inia soksi na sweta za sufu, zikitoa mvuke wenye harufu ile ile ya mbuzi. Kulikuwa na meza moja tu. Mama Ng'ombe alikuwa peke yake, akimenya viazi, akikimbilia kuni, akirudi kwenye sufuria.

"Hapa," mama akasema. "Kesho tunamleta."

Hajja alikuwa amedhoofika, hawezi kutembea mbali, na kiti chake cha magurudumu hakipiti kwenye theluji, kwa hiyo tulimkalisha Hajja kwenye ubao wa kutelezea wenye kamba, ule wanaokalia watoto. Mama akavuta, mimi nikasukuma. Hajja na abaya yake nyeusi na kofia ya mjukuu yenye kishada alipita katikati ya watalii waliosimama kutushangaa, akipiga kelele, "Shwai shwai, ya Rozi!" Polepole, Rozi! Nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba ana sauti kubwa hivyo.

Hatukuwa na lugha ya pamoja na mwenyeji. Mama alitaka kuhakikisha hakuna nguruwe kwenye chakula, akaona njia ni moja tu: akakoroma kama nguruwe, nesi mzima na heshima zake. Uso wa Mama Ng'ombe ukang'aa. Akakimbilia stoo akarudi na paja zima la nguruwe lililokaushwa, akaliweka mbele ya Hajja kama zawadi ya arusi. Mama akapunga mikono yote miwili. Hajja alitazama lile paja, akamtazama nesi wake, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Paja likarudishwa, viazi vya maganda na jibini la kuyeyusha vikawekwa motoni. Wakati tunangoja, mama alitoa kwenye mkoba themosi ya kahawa ya Kiarabu, yenye iliki, aliyokuwa akiibeba kila mahali. Lakini hakummiminia Hajja kama siku zote. Alimwekea themosi na vikombe mbele yake, akaenda dirishani kuangalia ng'ombe.

Hajja alikaa kidogo. Kisha akainuka, akashika themosi kwa mkono wa kushoto na kikombe kwa mkono wa kulia, akammiminia mwenye jiko. Sasa, kwa watu wa Ghuba, ukitosheka na kahawa unatikisa kikombe. Usipotikisa, mwenyeji anaendelea kukumiminia. Mama Ng'ombe angejulia wapi? Alikunywa, akanyoosha kikombe arudishe, na Hajja akakijaza. Akanywa tena kwa adabu, Hajja akajaza tena kwa adabu. Nikamwonea huruma yule mama, macho yalikuwa yameanza kumtoka. Nilifungua mdomo nimwonyeshe.

Mama, aliyekuwa amerudi kukaa kando yangu, alinifinya goti. "Nekesa, tulia."

"Lakini mama, hajui—"

"Nimesema utulie, bana."

Nikatulia, nimenuna. Viazi vikaja, jibini likitiririka juu yake. Hajja, ambaye sasa alikuwa akiizunguka meza ile kana kwamba ni yake, alinipa kiazi, akampa mama, akampa Mama Ng'ombe. Halafu akajikatia cha kwake, akakaa, akala huku akimsimulia mwenyeji kwa Kiarabu mambo ya marehemu mumewe. Mama Ng'ombe alimjibu kwa lugha yake. Hajja akaongeza kiazi kingine. Mama alikuwa amegeukia dirisha, akajifuta macho kwa ncha ya skafu.

Mrija haukuletwa. Tulirudi kwenye jiko lile hadi siku ya kuondoka, na hapa Doha Hajja aliendelea kula, si sana, lakini vya kutosha. Utotoni niliamini jibini ndilo lililomponya, nikawa nalidai kila tulipokwenda dukani.

Kilichonichukua miaka kukielewa ni habari ya wageni waliofuata. Tuliporudi, mama alianza kuwapeleka watu nyumbani kwa Hajja kumjulia hali: wanakwaya wa kanisani, dereva mpya kutoka Kampala, manesi waliotua juzi kutoka Kisumu. Wote walitoka wakilalamika kwamba wamekalishwa kula na Hajja na kunyweshwa kahawa mpaka mioyo inawaenda mbio. Mama hakumwambia hata mmoja habari ya kutikisa kikombe. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kwa nini aliwatesa wenzake hivyo.

"Ningewaambia, wangeaga mapema," akasema, "na Hajja angekula na nani?"