Dereva Nyuma ya Utingo Wake

Goti ndilo lililomtoa Dereva kwenye malori, lakini jina lilibaki. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mkwewe, mke wa mwanawe, akiwa na wenzake. Mbele yake alimwita baba.

Enzi zake zote za kuendesha tangi la mafuta alikaa na utingo mmoja, mtu mfupi mwenye maneno mengi aliyeitwa Spana. Spana ndiye aliyefunga mabomba, akaweka mawe nyuma ya magurudumu mlimani, akapiga soga ili Dereva asisinzie. Usukani hakuwahi kuugusa, maana tajiri mwenye lori alikataza. Sasa Spana alikuwa amehamia kwa binti yake, nchi jirani. Walijaribu simu.

"Vipi?"

"Salama."

"Nyumbani?"

"Hatujambo."

Kisha kimya, mpaka mmoja aage. Walikuwa wamezoea kuongea wote wawili wakitazama barabara. Barabara ilipokosekana, hata maneno yaliwapotea.

Kilichowaokoa ni gemu la malori. Kila mtu alikaa kwake na usukani wa plastiki mezani, wakawa wanakwenda msafara mmoja kwa intaneti, Dereva mbele, Spana nyuma, sauti zikipita kwenye hedfoni. Humo ndimo Spana alimweleza jinsi mkewe alivyougua, na Dereva akakiri kwamba nyumba ni kubwa mno tangu alipofiwa na mkewe. Kwenye simu wasingethubutu.

Halafu kompyuta ikaanza kuchoka. Ikiwashwa, ungeweza kuoga na kurudi bado inajifikiria. Mwisho mfumo wake ukadai mashine mpya, na gemu likagoma kabisa. Jioni Dereva alikaa mbele ya kioo cheusi, mkono juu ya usukani. Akijisahau, alitupa jicho kulia, pale ambapo lori lina kioo cha kutazamia walio nyuma. Mahali pa kioo palikuwa na pazia.

Mkwewe, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za maofisini, akaja na flash mfukoni.

"Baba, hatununui mashine. Tunabadilisha mfumo. Huu unaitwa Linux, ni wa bure. Wameutengeneza watu wa kila nchi, na anayetaka kuona ulivyo ndani anaruhusiwa kufungua."

"Wa bure?" Dereva akakunja uso. "Una breki huo?"

"Unazo, na gia pia."

"Gemu litacheza?"

"Mengi yanacheza. Hilo lako tujaribu." Akachomeka flash, akabonyeza hapa na pale, kisha akageuka. "Picha za wajukuu nimeshazihamisha. Sasa inauliza, nifute vyote vilivyomo au nibakize sehemu?"

Hapo Dereva hakuhitaji kufikiri. Tangi lililobeba dizeli halijazwi petroli kabla ya kuoshwa. Mabaki kidogo tu yanaharibu mzigo mzima, na mwenye mzigo anakufuata mpaka nyumbani.

"Futa yote," alisema. "Mpaka ling'ae."

"Hakuna kingine unachotaka, baba?"

"Futa, mwanangu."

Akafuta. Kompyuta ikawaka upya haraka, mpaka Dereva akaikagua waya kana kwamba ameletewa nyingine. Habari zikafunguka, mpira ukaonekana, hata printa iliyosusa siku zote ikatema karatasi. Alisifu kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye usukani. Mkwewe akapakua gemu, likachukua muda wake. Kioo kikawa cheusi, Dereva akashika goti. Kisha injini ikanguruma.

Gemu likamuuliza jina lake, kama kijana aliyekuja kuomba kazi.

"Malori yangu yako wapi?"

Mkwewe akaweka mkono mdomoni. "Yalikuwa humo humo ndani, baba. Si niliuliza?"

"Uliuliza." Gereji zake, lile lori la buluu alilolipaka rangi ya tangi lao la zamani, vyote vimekwenda na maji. "Kosa si lako. Nimeosha na mzigo."

Akapewa lori la kuazima, jekundu, la mwajiriwa mpya. Alivaa hedfoni, akaingia kwenye msafara.

"Nani huyo na kigari cha kujifunzia?" sauti ya Spana ikauliza.

"Ni mimi."

"Mkubwa! Nilidhani umekufa, bwana. Au umenichoka."

"Nikuchoke niongee na nani?"

"Sasa hilo jekundu ndilo nini? Umefukuzwa kazi?"

"Nimefilisika. Tangulia, mimi nakufuata."

"Mimi nitangulie? Wewe?"

"Tangulia, Spana."

Lori la Spana likatoka taratibu, indiketa ikiwaka mapema mno, kama mtu anayefanya mtihani. Dereva akakaa nyuma. Hakuwahi kuona jinsi Spana anavyoendesha. Alikuwa mwangalifu kwenye kona, akipunguza mwendo kila alipomwona Dereva amebaki. Walikwenda kitambo bila neno, na kimya hiki hakikuuma.

"Mkubwa, daktari kasema nisisafiri tena," Spana akasema, bila kupunguza mwendo. "Kule kwenu sitafika."

"Na goti langu nalo limekataa," Dereva akasema.

"Ndiyo hivyo."

Bango la ghala likatokea upande wa kushoto, mwisho wa safari, mahali pa kushusha. Spana hakuwasha indiketa. Akapita moja kwa moja.

"Umepitiliza," Dereva akasema.

"Najua."

"Mzigo utachelewa."

"Uchelewe."

Dereva akakanyaga mafuta, akamfuata.