Imeili Juu ya Jiwe

Mwenye steshenari ya Masumbwe alikuwa na mikono mipana ya mchimbaji, lakini vitufe vya kompyuta alivigusa kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Mteja akifika kwenye neno la siri, yeye hugeukia ukuta na kukohoa mpaka aambiwe, "Tayari." Siku hiyo Mwalimu Apolonia alimkohoza asubuhi nzima. Barua yake ya uhamisho ilikuwa kwenye imeili, na mwisho wa kuikubali ulikuwa saa sita mchana. Mtandao ulisuasua, na kila namba ya kuthibitisha ilipoingia kwenye simu yake, muda wake ulikuwa umeshapita.

"Kaka, niache tu nirudi shule," alisema.

"Hapana, mwalimu. Twende juu."

Akaifunika kompyuta yake ya mpakato kwa kanga, akaikumbatia, akapanda jiwe kubwa nyuma ya mnada, ambako mtandao hushika. Wachimbaji walioona kitu kilichofunikwa namna ile wakamfuata na sululu zao.

"Mzigo huo wa dhahabu umetoka shimo gani?" waliuliza.

"Hii ni imeili," alijibu, na hakuna aliyemwamini.

Akawageuza wote, watu kama thelathini, watazame bondeni, akawaamuru wakohoe. Apolonia akajifunika kanga, akaandika namba, barua ikafunguka. Aliikubali saa sita kasoro dakika mbili.

"Nimehamishiwa Maganzo," alisema huku analia, "kwa mume wangu."

Wachimbaji wakashangilia. Mwenye steshenari alikuwa bado anatazama bondeni na kukohoa, vidole amevitia masikioni.