Mume Wangu Kaumia Goti Poland, Mchawi Nimekuwa Mimi Huku Uvira

Admin, jina langu liweke kapuni kabisa, maana ukoo wa mume wangu wanausoma huu ukurasa kuliko wanavyosoma Biblia. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nina binti mmoja anayejifunza kuongea, naishi Uvira, mtaa wa Kimanga, nyumbani kwa mama mkwe wangu. Mume wangu ni mchezaji wa mpira kule Poland. Anacheza kiungo. Au niseme alikuwa anacheza, na hapo ndipo taabu yangu ilipo.

Tulijuana akicheza kwenye viwanja vya vumbi vya hapa mjini. Hakuwa mtu wa mabao, alikuwa yule wa katikati anayekimbia na kupokonya mipira halafu wengine wanashangiliwa. Akavuka kwenda kucheza Bujumbura, wakala akamwona, akapelekwa Poland. Mwanzo alikaa benchi, akilalamikia baridi mpaka namcheka. Kisha akapata namba, timu ikapanda daraja, akarudi likizo kunitolea mahari. Ng'ombe walitoka kwa baba zake wadogo, Katogota, na watu walikula mpaka wakabeba. Vijana wa mtaa walivaa jezi yenye jina lake.

Msimu uliopita aligongwa goti mazoezini. Wakampasua, likakaa vibaya, wakampasua tena. Mkataba ulipoisha, klabu haikumwongezea. Sasa anapanga maboksi kwenye ghala la nyama, anachechemea. Haya aliniambia mimi peke yangu kwa jumbe za sauti, akilia: "Usiambie muntu. Familia yote inaniangalia minye. Mama akijua, moyo wake utasimama. Na minye nitajimaliza huku, weye utabaki mujane." Mama mkwe ana presha kweli. Nikaapa. Timu za madaraja ya chini hazionyeshwi kwenye televisheni za huku, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Lakini siri ile ilinilemea. Nikajisemea Mungu si mtu, kumwambia yeye si kuvunja kiapo. Nikaenda kwenye chumba cha maombi cha mtumishi mmoja hapa mtaani, ambaye karibu sote tunampelekea shida zetu. Nikamwambia mume wangu ameumia goti la kuume, hachezi tena, tuombee, ila ibaki humu. Akanishika kichwa akasema, "Mama, hii iko kati yako na Mungu." Nilitoka nimepumua.

Kumbe mama mkwe naye, alipoona mwanawe hatumi pesa kama zamani, alipita mlango uleule. Alibeba viatu vya zamani vya mwanawe vya kuchezea mpira vikaombewe. Wifi yangu, aliyemsindikiza, ndiye aliyenisimulia. Mtumishi alifumba macho, akanena kwa lugha, kisha akasema: "Naona goti. Goti ya kuume ya mutoto wako imefungwa. Na muntu mwenye kuifunga munakula naye sahani moja." Mle ndani tunakula sahani moja mimi na mama mkwe tu.

Nilimkimbilia yule mtumishi nikamuuliza mbona amenifanyia hivi. Hakuona hata haya. "Mama, kama roho yako iko safi, unaogopa nini?" Nilitamani kumrukia. Tangu siku ile mama mkwe hali nilichopika, na binti yangu amehamishiwa chumbani kwake. Kwenye bomba la maji wanawake wananiachia nafasi pana. Mnajua huku kwetu mwanamke akishaitwa mchawi mtaa unaweza kumfanyia nini.

Jumapili wazee wa ukoo wakaja. Wakampigia mume wangu simu, wakaweka sauti kubwa, mimi nimeketi mkekani. Nawaambia ukweli, nilifurahi moyoni, nikajua mwenzangu ataniokoa. Baba yake mdogo akauliza, "Goti yako iko namna gani?"

Mume wangu akajibu, "Iko sawa, baba. Inauma kidogo tu. Docteur haone kitu."

Mama mkwe akapiga kelele: "Munasikia? Docteur haone kitu! Weye njo unafunga mutoto wangu!"

Nikasahau heshima, nikamwita mume wangu kwa jina lake mbele ya wazee, nikamwambia sema! Akajibu, "Baba, mufanye vile munaona ni muzuri. Muniombee." Simu ikakatika.

Baadaye alinitumia ujumbe: nimsamehe, nivumilie. Nivumilie nini? Wazee wameamua mwisho wa wiki hii nirudishwe kwetu Kamanyola. Mtoto anabaki, kwa sababu mahari ilitoka.

Zile sauti zake bado ninazo kwenye simu. Nikiwasikilizisha wazee, nitabaki na mwanangu. Ila akijimaliza kweli huko ugenini, au mama yake akianguka pale pale, nitaishije? Nampenda, na namchukia, vyote kwa pamoja. Nikinyamaza, binti yangu atakua akiambiwa mama yake ndiye aliyemroga baba yake.

Leo asubuhi nilimnyooshea binti yangu mikono nimbebe. Akamtazama bibi yake kwanza, kisha akaificha mikono yake nyuma ya mgongo.

Ninyi mlio nje ya nyumba hii, naomba mnisaidie mawazo: niseme, au niondoke kimya?