Mistari Minne Juu ya Ukurasa

Mwandiko wangu ni mzuri, na nimeulaani mara nyingi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Tengeru, na hakuna kikao cha ukoo, cha harusi wala cha msiba ambacho sikusukumiwa kalamu. Siku ile nilisukumiwa na kontrakta aliyemjengea baba nyumba mbovu.

Mtu huyo simsemi vizuri, na sitajaribu. Zamani saruji ilipatikana kwa kibali, na wajenzi tuliwajua. Biashara ilipofunguliwa, saruji ikajaa madukani na kila mwenye mwiko akajiita kontrakta. Yeye alikuwa na shati jeupe, kalamu mbili mfukoni na maneno matamu. Baba, dereva mstaafu, akamwamini. Mtaa wa Kwa Mrombo, baba alikojenga, udongo ni mweusi, unavimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, kwa hiyo msingi lazima uende chini. Yeye aliuchimba usawa wa goti. Masika ya kwanza tu, ukuta wa chumba cha wazazi wangu ukapasuka ufa wa kupitisha mkono. Tofali ukilikwangua kwa ukucha lilimwaga mchanga. Mama akahamishia kitanda sebuleni.

Baba alitaka kitu kimoja: ukuta ule ubomolewe na kujengwa upya na yule yule aliyeuharibu. Akafungua kesi mahakama ya mwanzo. Kabla haijasikilizwa, kontrakta akaenda kwa wazee wa ukoo wetu kulalamika kwamba jambo la nyumbani limekimbizwa serikalini. Wazee wakamwomba baba tukae kwanza.

Siku ya kikao kontrakta alikuja na mbuzi. Alimwamkia baba shikamoo huku ameinama, akaahidi mbele ya wote kwamba mvua zikikatika atarudi na mafundi. Nyama ikaliwa. Mimi nilitengewa maini, nikayala kwa raha zangu zote. Ndipo akanigeukia.

"Mwalimu, kikao bila mahudhurio si kikao. Tuandikie basi, na huo mwandiko wako."

Nikachana karatasi kwenye daftari. Niliruka mistari minne juu, kama nilivyowafundisha watoto, ili kichwa cha habari kipate nafasi. Chini nikaorodhesha majina, na kila mtu akasaini mbele ya jina lake, baba akiwa wa kwanza. Kontrakta akaikunja karatasi, akasema kichwa ataandika mwenyewe na ataitunza. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tulikuwa tumeshiba.

Mvua zilikatika, hakuja. Tuliporudi mahakamani, akamkabidhi hakimu karatasi yangu. Ile nafasi ya juu ilikuwa imejaa: sisi tuliosaini tumekubali kwamba ujenzi umekamilika vizuri, na mwenye nyumba hana madai yoyote tena.

"Mheshimiwa, mimi nilisaini mahudhurio tu," baba alisema.

"Na mbuzi wa suluhu anayemtaja mwenzako, mlikula?" hakimu akauliza.

"Tulikula."

Hakimu akaniita mbele. "Majina haya ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, mheshimiwa. Lakini hapo juu palikuwa patupu."

"Mwalimu mzima, unawasainisha watu karatasi tupu?"

Watu wakacheka, na kontrakta akacheka nao. Wazee, wale wale waliomaliza mbuzi, walisema hawataki kuingia mambo ya mahakama. Kesi ikatupwa. Nilitamani nimrukie yule mtu nimng'oe meno pale pale.

Baba hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha mahakama. Aliuegemeza ukuta kwa nguzo za mti, na kila asubuhi akawa anaupima ufa kwa kiganja. Masika ya tatu ukuta ukaanguka. Mwaka uliofuata baba akafa, palepale sebuleni, chumba chake kikiwa wazi kwa mvua.

Siku ya mazishi nilikaa mezani na daftari la waombolezaji, maana hata kwa baba yangu mwenyewe walinisukumia kalamu. Kontrakta akaja, shati jeupe vilevile.

"Pole sana, mwalimu."

Nikamfungulia ukurasa mpya, nikampa kalamu. Akainama asaini, kisha mkono ukasita. Juu ya ukurasa nilikuwa nimeruka mistari minne. Akaitazama ile mistari, akanitazama na mimi, akarudisha kalamu mezani, akaenda kukaa nyuma kabisa bila kusaini.