Vitufe Tisa vya Rahabu

Rahabu Shemdoe hakuwa na haraka na kitu chochote duniani isipokuwa kupiga chapa. Ukimwona asubuhi anapanda kutoka laini, zile nyumba za wafanyakazi, mkoba begani na kanga ya pili mabegani kwa ajili ya baridi, ungeweza kumsalimia, ukaenda kisimani, ukarudi, bado yuko njiani. Lakini akikaa mbele ya taipureta, weee! Ilikuwa kama mahindi yanabanjuka kwenye chungu. Macho yake yako dirishani kwenye ukungu, vidole viko kazini peke yao, na kosa hulioni.

Mimi ni Mwanamisi, mtu wa Magamba, juu ya Lushoto mjini. Niliketi naye chumba kimoja miaka kumi na mmoja katika ofisi ya shamba la chai la Kwemhande, yeye meza ya dirishani, mimi ya mlangoni. Alinizidi miaka kumi na mitatu, kwa hiyo shikamoo yake ilikuwa lazima kila siku, hata siku tulizokuwa hatusemezani. Na siku hizo zilikuwepo, nisidanganye. Hasira zangu mimi ziko puani.

Kabla hajawa mpiga chapa, Rahabu alichuma chai kule Bulwa, upande wa Amani, tangu msichana. Ndiko alikozikwa mama yake. Alisoma kupiga chapa usiku kwa masista, akaomba kazi Kwemhande, akapata, akapewa na chumba laini. Chumba kile ndicho kilikuwa kwake. Hakuwa na mume wala kiwanja wala mtu wa kumkimbilia, na nyumba za shamba zinafuata kazi: kazi ikiisha, unarudisha ufunguo.

Basi mwaka tisini na tisa shamba likauzwa. Sisi tulikuwa tumezoea kuambiwa shamba ni la umma. Sasa tukaambiwa ni la mwekezaji. Akaletwa meneja mpya wa ofisi, Bwana Lusajo, Mnyakyusa mrefu mpole, naye kazaliwa kwenye chai huko kwao. Baada yake ikaletwa kompyuta. Moja. Taipureta zetu mbili zikabebwa stoo mbele ya macho yetu.

Bwana Lusajo akatuita. Alisema bila kuzunguka. "Mama zangu, kampuni inataka mpiga chapa mmoja. Nawapa miezi mitatu mjifunze. Mwisho nitawapa kazi moja, kila mtu kwa zamu yake, atakayeiweza vizuri zaidi atabaki. Nisamehewe, si maamuzi yangu."

Tukatoka.

Sasa sikiliza balaa lilivyoanza. Kompyuta ile ilikuwa na safu ya vitufe juu ya kioo, vipicha vidogo vidogo kama chawa, na maneno yote Kiingereza. Hilo tungelizoea. Lililotushinda ni kwamba vitufe vilikuwa vinahama! Leo kitufe cha kuchapisha kiko pale, kesho hakipo. Orodha ya amri ukiifungua asubuhi ina mambo kumi, jioni ina sita. Mimi kazi zangu zilikuwa majedwali ya zamu, Rahabu kazi zake barua na matangazo. Kila nikimaliza kazi yangu, yeye akikaa havioni vitufe vyake. Akivipata, nami nikirudi vyangu vimekwenda.

Wiki ya tano akanigeukia, mlango uko wazi na wanyapara wanapita.

"Mwanamisi, unanificha vitufe."

"Nini?"

"Unavificha ili nishindwe. Unataka nirudishe ufunguo."

Toba! Mimi? Nilisimama nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia uzee ndio unaomficha vitufe, si mimi. Na hiyo ndiyo nafuu. Mengine yalikuwa mabaya zaidi. Kesho yake nikampa shikamoo yake, akaitikia, yakaishia hapo. Kwa wiki tatu hatukuwa na neno jingine.

Kisha akapata msiba. Mdogo wake, aliyekuwa bado anachuma chai Bulwa, alifariki, akaomba ruhusa akaenda kuzika. Katika siku hizo fundi wa kompyuta, Bwana Davis wa Tanga, akaja kurekebisha mashine ya kuchapia. Nikamuuliza kwa nini vitufe vinatukimbia. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Havikimbii, mama. Inaangalia unachotumia zaidi, inakiweka mbele, kingine inakificha. Nyie wawili mnatumia jina moja, basi imechanganyikiwa haijui ni nani."

Akanionyesha. Kwenye mipangilio ya mashine yenyewe kuna mahali pa kuandikisha watumiaji, kila mtu na jina lake na neno lake la siri. Ukiwasha, kioo kinakuuliza wewe nani, kisha kinakupangia meza yako kama ulivyoiacha. Halafu ndani ya programu ya kuandikia, bonyeza upande wa kulia wa kipanya juu ya ile safu ya vitufe, nenda chini kabisa penye neno la kurekebisha. Hapo kitufe usichokitaka unakikamata, unakivuta nje, kinadondoka. Unachokitaka unakipandisha. Na kuna kisanduku chenye alama ya vema; ukiifuta hiyo alama, kuhama kunakwisha.

"Nikuandikishie na mwenzako?" akauliza.

Nikamwambia, "Mwenzangu nitamwonyesha mwenyewe."

Akaniandikisha mimi peke yangu, akawahi basi lake.

Haki ya Mungu, siku ile nilifanya kazi kama malkia. Kila kitu mahali pake. Rahabu aliporudi kutoka Bulwa, akawasha mashine, kioo kikamuuliza jina. Akanitazama. Mimi nikasema, bila kuinua kichwa, "Bonyeza kile cha pembeni, kinapita tu." Akabonyeza, akaingia kule kwa zamani, kwenye vitufe vinavyohama.

Uongo ule nilikaa nao siku nne. Nilikula nao, nikalala nao. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufikia mtihani, nami nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume mgonjwa wa kifua. Nilijiambia hivyo kila nilipomwona ameinama kwenye kioo, uso karibu ugusane nacho, akitafuta kitufe kwa kidole kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Siku ya tano alikuja na kifurushi cha gazeti, akakiweka mezani kwangu. Iliki. Iliki za Bulwa, kijani, harufu ikajaa chumba kizima.

"Nilikusingizia," akasema. "Nimewaza huko msibani. Wakati tunachuma, kila mchumaji alikuwa na mstari wake. Mtu akiingia mstari wa mwenzake palikuwa na ngumi pale, wanawake wazima! Si kwamba tulikuwa wabaya, ila mstari ni mmoja na mikono ni ya watu wawili. Sasa mimi na wewe tumepangwa mstari mmoja, ndiyo maana tunagombana. Hii mashine haina namna ya kutupa kila mtu wake?"

Moyo ukanipasuka. Nilikaa na zile iliki mkononi nisijue nitazame wapi.

"Ipo namna," nikasema. "Ninayo tangu wiki iliyopita. Nilikuficha, dada Rahabu. Safari hii ni kweli nilikuficha."

Nilingoja anitukane, ningelistahili. Akavuta kiti chake kutoka dirishani, akakileta mpaka kwenye mashine, akakaa.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwandikisha jina. Neno la siri akachagua jina la mama yake, akanitajia kwa sauti, nami nikamtajia langu, jina la mbuzi wangu. Siri gani sasa hiyo? Tukacheka, mara ya kwanza tangu shamba liuzwe.

Halafu tukaingia kwenye kurekebisha. Mimi nilikuwa nimepunguza vitufe vichache. Yeye alipoelewa kwamba kitufe kinavutwa kikadondoka, hakusita. Alikuwa anakata kama mtu anayepogoa chai iliyozeeka, tawi baada ya tawi. "Hiki cha nini? Sikijui. Nje. Na hiki? Nje." Kwa uchu akavuta hata cha kuchapisha, akapiga ukelele, "Mama wee, nimeua!" Nikamwonyesha pa kukirudisha. Mwisho vikabaki tisa, tukaviongeza ukubwa mpaka akaviona bila kuinama. Akavipanga kwa mwendo wa kazi yake kutoka kushoto: ukurasa mpya mwanzoni, kisha kufungua, ukubwa wa herufi, kukoleza, kuweka katikati na vingine viwili vya jedwali, halafu kuhifadhi, mwisho kuchapisha. Ukianza barua unaanzia kushoto, ukimaliza uko kulia, karatasi inatoka.

"Hapa sasa nachuma," akasema.

Na kweli alichuma. Siku ya mtihani Bwana Lusajo alitupa tangazo la mashamba ya kuchumwa wiki nzima, lenye jedwali, na barua moja ndefu. Mimi nilitangulia. Nilifanya vizuri, sikukosea kitu, nikainuka nina matumaini. Akakaa Rahabu. Akatazama vitufe vyake mara moja, kisha macho yakaenda zake dirishani kwenye ukungu, na mahindi yakaanza kubanjuka. Nilijua hapo hapo. Alimaliza kwa nusu ya muda wangu. Bwana Lusajo alisoma karatasi zote mbili, akazilaza mezani, akafikicha paji la uso.

"Bi Rahabu atabaki," akasema.

Nikisema nilifurahi nitakuwa mwongo. Nililia chooni. Nilijilaumu kwa kufungua mdomo, kisha nikajilaumu kwa kujilaumu. Siku ya kuondoka Rahabu alinisaidia kubeba kikapu mpaka barabarani, lakini usoni hakunitazama hata mara moja, wala hakusema neno. Basi lilipokuja akanipa kikapu, akageuka, akaenda. Sikutegemea kuagwa hivyo, na iliniuma. Nilikaa nayo Magamba mwaka mzima na zaidi, nikilima kabichi na kuuza mapeasi, na kila nilipokumbuka, nilisema moyoni, yule mama hana shukrani.

Julai ya mwaka wa pili, kondakta wa basi akaniletea bahasha kutoka Kwemhande. Barua ya ofisi imepigwa chapa safi, mistari imenyooka. Rahabu anakwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, atakuwa nje miezi mitatu. Bwana Lusajo alitaka kuleta mtu kutoka Tanga. Rahabu amemwambia kuna mtu ambaye tayari ana mstari wake ndani ya mashine, na asipoitwa huyo, basi na yeye haendi hospitali, abaki na jicho lake. Njoo Jumatatu.

Nilikwenda. Nilimkuta getini na mkoba wake wa safari, jicho moja limeingia ukungu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Onga maundo, Mwanamisi."

"Niwedi," nikamjibu, maana hakuna Msambaa anayeamkiwa kwa lugha yake akanyamaza, hata akiwa amenuna.

Akanishika mkono, akaangalia chini kama siku ile ya basi. "Mstari wako sikuuacha uote mwitu," akasema. Kwenye chai, mwenzako akiugua, majirani huchuma na mstari wake, la sivyo akirudi anakuta pori. Sikuelewa anamaanisha nini. Basi likapiga honi, akapanda.

Nikaingia ofisini. Nikawasha mashine, kioo kikauliza jina, na pale palikuwa na mawili: Rahabu, na Mwanamisi. Nikaandika jina la mbuzi wangu. Ikafunguka. Vitufe vyangu vilikuwa vyote mahali pake, kimoja kimoja, kama nilivyoviacha.

Nikafungua folda yangu, lile kabati la ndani ya mashine ninamoweka kazi zangu. Mimi nilikuwa nimeacha majedwali matatu tu. Sasa zilikuwemo barua sitini na kitu, kila moja ina tarehe ya Jumamosi. Nikafungua ya kwanza. Ilikuwa ya Jumamosi ya kwanza baada ya mimi kuondoka.

"Mwanamisi mdogo wangu. Ulinifundisha, nikakaa mahali pako. Jana barabarani nilitaka kukushukuru, nikaona haya, maana mtu anashukuruje kwa kitu kilichomwumiza mwenzake? Ufunguo ninao bado. Nitakuwa nakuandikia humu kwako mpaka nipate ujasiri wa kukutumia. Hongea sana." Kwa Kisambaa chetu, hiyo ni asante.

Nikafungua ya pili. Mvua imenyesha, daraja la chini limechukuliwa na maji, chai ya shamba namba nne imepona. Ya tatu, ameota mama yake. Ya nne, leo kanunua iliki, akaitia kwenye chai ofisini, akanywa peke yake.

Nililia hapo hapo kwenye kiti chake, mlango uko wazi na wanyapara wanapita, na wala sikujali. Mwaka mzima nimemwita hana shukrani, naye kila Jumamosi alikuwa anaingia kwa jina langu. Nikajifuta uso na ncha ya kanga. Kisha nikabonyeza kitufe cha kwanza kushoto, ukurasa mpya ukafunguka, nikaandika, "Dada Rahabu, shikamoo."