Majina Yaliyokatwa kwa Mkasi

Siku yangu ya tatu kazini nilimkuta msimamizi wangu akikata majina ya watu kwa mkasi.

Fomu tisa zilikuwa mezani. Alikata jina juu ya kila moja, akavitia vile vipande kwenye droo, akaifunga, ufunguo akautumbukiza mfukoni. Aliponiona mlangoni aliniamkia, kisha akaendelea kupiga mluzi.

Moyoni nikasema: hapa pana jambo.

Nilikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na mitano nilistaafu, nikajiunga na chuo kusomea biashara, na chuo kikanipeleka kwa mafunzo ya vitendo katika kituo kinacholea biashara changa. Mwenye wazo zuri hupewa chumba, mashine na mtu wa kumwongoza kwa mwaka mzima, bila kulipa kitu.

Nafasi zilikuwa tatu. Waombaji tisa.

Msimamizi huyo walimwita Kocha. Kwa umri angeweza kuwa kitindamimba wangu. Suruali yake ilichanika magoti yote mawili, na nasikia aliinunua hivyo hivyo.

Miongoni mwa waombaji alikuwamo fundi viatu, mama wa watoto wanne, aliyefanyia kazi chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Mwenye jengo alikwisha kumwamuru ahame mwisho wa mwezi. Asipopata nafasi kwetu, hana pa kuiweka nyundo yake.

Alileta kiatu cha mtoto ambacho sehemu yake ya nyuma husogezwa kadiri mguu unavyokua. Nilikigeuzageuza, nikakiri kwamba mwanamke yule ana akili.

Kocha akamwomba amwachie kile kiatu.

Saa sita mchana nilimwona akikifunga kwa gazeti, akakitia mfukoni, akatoka. Saa nane alirudi na mfuko mtupu.

Kesho yake nilimsikia akizungumza kwenye simu, amenipa mgongo. "Jina sikutajii, kaka. Kiatu si unacho? Wewe niambie tu kama unakitaka."

Majina yamekatwa. Kiatu kimetoweka. Mnunuzi yupo. Nikajumlisha kama nilivyozoea, jibu likaja moja: kijana anauza mawazo ya watu.

Ningeweza kumuuliza. Meza zetu zilitengana kwa hatua nne tu. Lakini nilijiambia kwamba mwizi haulizwi, huviziwa.

Siku moja kabla ya usaili nikamfuata fundi kule chini ya ngazi. Alinifutia kigoda, akaniamkia kwa heshima zote. Sikumsimulia niliyoyaona. Nilimpa neno moja.

"Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Kesho wakikuuliza kiatu kinajifungaje, usiseme."

Hakuniuliza kwa nini. Alizitazama mvi zangu, akaitikia, "Nimesikia, mama."

Kwenye usaili waamuzi walitaka kujua ile sehemu ya nyuma hushikwa na nini isiteleze mtoto anapokimbia. Akajibu kuwa hiyo ni siri yake. Wakauliza kwa njia nyingine. Siri. Kocha, jasho likimtoka, akamsihi aseme japo kidogo.

Mama wa watu akanitupia jicho pale pembeni nilipoketi.

Nikatikisa kichwa.

Jioni orodha ilibandikwa ukutani. Hakuwamo.

Nilipoingia ofisini nilimkuta Kocha ameinama, droo iko wazi, vipande vya majina vimetawanyika mbele yake. Akaanza kusema bila kuulizwa. Majina aliyakata ili waamuzi wasijue nani ni mtoto wa nani, maana mwaka uliotangulia jamaa za wakubwa walipita wote. Kiatu alikipeleka kwa mwenye duka la viatu vya shule, ambaye alimvalisha mwanawe na sasa alikuwa tayari kuagiza jozi sitini. Jina la fundi alilificha ili mwenye duka asimrukie peke yake akamlaghai.

"Alitaka kujua jambo moja tu, Bi Mkubwa. Kinajifungaje. Nami sikumwambia fundi mapema, nikaogopa oda ikiyeyuka nitamvunja moyo. Sasa sijui nani kamtia woga."

"Ni mimi," nikasema.

Nikamweleza yote. Hakunifokea, na hilo liliniuma kuliko kufokewa. Alisema orodha imekwisha kutiwa saini, haifunguliwi hadi mwakani. Kisha akaandika mahali duka lilipo, akanipa karatasi.

"Kamwambie fundi wewe mwenyewe."

Asubuhi nilimkuta fundi na misumari midomoni. Alinisogezea kigoda, nikakataa kuketi. Niliyasema yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyeharibu mbele ya darasa.

Aliitoa misumari mmoja mmoja, akaipanga juu ya ubao.

"Mdomo ulikuwa wangu, mama," akasema hatimaye. "Ningeweza kukuuliza sababu, sikukuuliza."

Akajifunga kitambaa kichwani, akachukua kiatu kingine cha mfano.

"Haya, nipeleke hilo duka. Ila tukifika, nitaongea mimi."

Nilimbebea mfuko wa zana, nikamfuata nyuma, kimya.

Nanyi mnaosoma, anayeshuku na aulize. Mwenye mvi na aulize mara mbili, kwa maana neno lake watu hulimeza bila kulitafuna.